Udongo mmoja, chumvi mbili, nyuzi 250: kwa nini umeme ulirudi upande mmoja tu

Udongo ni mmoja. Ni montmorilonaiti iliyosafishwa, madini yale yanayoupa udongo uitwao bentonaiti tabia yake ya kuvimba. Umegawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza limeoshwa tena na tena katika maji yenye kloridi ya sodiamu, mpaka ioni zote (yaani atomu zenye chaji) zinazoweza kubadilishwa zikawa za sodiamu. La pili limepitia njia hiyohiyo, ila kwa kloridi ya lithiamu. Chumvi iliyobaki imeondolewa, unga umekaushwa na kukandamizwa kuwa vidonge vyembamba vya duara, na kila kidonge kimewekwa kati ya elektrodi mbili.

Vikiwa katika hewa yenye unyevu sawa, vidonge vyote viwili vinapitisha umeme. Kisha vinaingia tanuri moja, nyuzi 250 za Selsiasi, usiku kucha. Vinapoa mahali pakavu, halafu vinarudishwa kwenye hewa ileile yenye unyevu. Kidonge cha sodiamu kinanyonya maji, kinavimba, na upitishaji wake wa umeme unapanda tena hadi karibu na pale ulipokuwa. Cha lithiamu kinakaa kama kilivyotoka tanurini. Hakivimbi, kinashika maji kidogo tu ya juujuu, na ukinzani wake unabaki mkubwa. Hata ukichukua unga wake ukautumbukiza majini, matabaka yake hayafunguki.

Kisa hiki kina historia. Mwaka 1950 Ulrich Hofmann na R. Klemen walieleza kwamba bentonaiti iliyojazwa lithiamu hupoteza uwezo wake wa kubadilishana ioni ikipashwa joto, na tangu hapo jambo hilo linaitwa athari ya Hofmann na Klemen. Ninakichambua kwa sababu naona athari ya joto kwa udongo ikielezwa mara nyingi kwa sentensi moja: maji yanatoka, umeme unapungua. Sentensi hiyo ni kweli kwa vidonge vyote viwili, na haielezi hata chembe kwa nini kimoja kilirudi na kingine hakikurudi. Kwa maoni yangu, swali la kuuliza kila udongo unapopashwa ni hili: umeme ulikuwa ukibebwa na nani, na baada ya moto mbebaji huyo yuko wapi?

Wabebaji kabla ya moto

Tabaka moja la montmorilonaiti lina unene usiofika nanometa 1. Limeundwa na karatasi tatu za atomu zilizoshikana: mbili za nje ni za silikoni na oksijeni, na ya katikati ni ya alumini iliyozungukwa na oksijeni na hidroksili, yaani oksijeni iliyoshikana na hidrojeni. Matabaka haya hulaliana kama kurasa za kitabu, na mambo yote ya umeme yanaanzia kwenye kasoro ndogo ndani ya karatasi ya katikati. Hapa na pale, nafasi iliyopaswa kukaliwa na alumini yenye chaji +3 imekaliwa na magnesiamu yenye chaji +2. Kila badiliko la namna hiyo linaliachia tabaka chaji hasi moja isiyo na mwenzake. Sodiamu au lithiamu iliyoko kati ya kurasa ipo pale kuisawazisha.

Hesabu yake inafanyika kwa urahisi. Chukua fomula ya kawaida ya madini haya yakiwa makavu: Na0.33(Al1.67Mg0.33)Si4O10(OH)2. Uzito wake wa moli ni gramu 367 hivi. Gawanya 0.33 kwa 367 unapata karibu milimoli 0.9 za chaji kwa kila gramu, au 90 kwa gramu 100. Kipimo cha kawaida cha uwezo wa montmorilonaiti kubadilishana ioni huangukia kati ya 80 na 120 au zaidi kidogo, kwa hiyo hesabu ya karatasi na ya maabara zinakubaliana. Kaolinaiti, madini makuu ya udongo wa kaolini, ambayo haina kasoro kama hiyo kwa wingi, hupata kati ya 3 na 15 tu. Ndiyo maana kisa hiki hakiwezi kuonekana kwenye kaolini.

Sasa ongeza maji. Katika unyevu wa wastani montmorilonaiti ya sodiamu huingiza safu moja ya molekuli za maji kati ya kurasa zake, na umbali kutoka tabaka moja hadi jingine unakuwa karibu nanometa 1.25. Likiwa kavu kabisa, umbali huo hushuka hadi karibu 0.96. Ndani ya mwanya huo mwembamba kuna wabebaji wa aina mbili. Wa kwanza ni ioni za chumvi zenyewe, zinazoteleza katika maji. Wa pili ni protoni. Molekuli za maji zilizobanwa karibu na ioni ndogo yenye chaji huvutwa kwa nguvu, na hutoa protoni kwa urahisi zaidi kuliko maji ya glasini. Protoni hiyo hurukia molekuli jirani, nayo hutoa nyingine, na chaji inasafiri mbali ingawa hakuna molekuli iliyosafiri nayo.

Maji hayohayo ndiyo yanayopandisha kigezo cha dielektri, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyoitikia uga wa umeme kwa kuhamisha chaji zake kidogo bila kuziachia. Maji huru yana karibu 80 katika joto la chumbani. Madini makavu ya silika na alumina yako chini ya 10. Maji yaliyoshikwa na uso wa udongo hayafiki 80, kwa kuwa hayawezi kugeuka kwa uhuru. Lakini udongo wenye unyevu ukipimwa kwa masafa ya chini unaweza kuonyesha namba kubwa kuliko hata maji yenyewe. Hilo linatokana na chaji zinazorundikana kwenye kingo za punje na kwenye elektrodi, na anayesoma namba hiyo kana kwamba ni sifa ya madini anajidanganya.

Joto linapopanda

Mwanzoni vidonge vyote viwili vinafanana. Kutoka joto la chumbani kuelekea nyuzi 60 au 80, upitishaji unaweza kupanda kidogo, kwa kuwa maji bado yapo na kila mbebaji anakwenda haraka zaidi. Kisha maji yanaanza kuondoka kwa wingi na mchoro unageuka. Unaposhuka, unashuka kweli: safu ya maji ikishakatika, protoni haina tena mtu wa kumrukia, na ioni inalala juu ya oksijeni za tabaka ikiwa imeshikwa na mvutano wa moja kwa moja. Upitishaji unaanguka mara elfu na zaidi. Kigezo cha dielektri kinaanguka pamoja nao.

Halafu, maji yakiisha na joto likiendelea, mchoro unapanda tena. Hapa wanafunzi wengi hushangaa, kwa kuwa hakuna maji yaliyorudi. Kinachopanda ni mwendo wa ioni kavu, zinazoruka kutoka kitako kimoja hadi kingine kila zinapopata nishati ya kutosha. Mwendo wa aina hii hufuata kanuni ya Arrhenius: upitishaji ni sawia na namba e ikipandishwa kwa kipeo hasi cha nishati ya kizuizi gawanya kwa kT, yaani nishati ya mtikisiko unaoletwa na joto. Tukichukua kizuizi cha elektronivolti 0.8 kwa ajili ya hesabu, kutoka nyuzi 200 hadi 300 upitishaji unaongezeka karibu mara 30. Nyuzi mia moja tu zinatosha kuufanya mchoro uonekane kama udongo umepona, ilhali mbebaji wa kwanza, yule wa majini, hayupo kabisa.

Kwa hiyo mchoro una bonde: unapanda kidogo, unaanguka, unapanda. Anayepima wakati wa kupanda peke yake ataandika kwamba sodiamu na lithiamu zinafanya mambo yaleyale kwa tofauti ndogo za namba, na hatakuwa amedanganya. Kisa kinajificha mpaka upoze na kurudisha unyevu.

Kuna ishara moja mapema, kwa mwenye subira. Badala ya kuendelea kupandisha, shikilia joto palepale kwenye nyuzi 250. Kidonge cha sodiamu kikishakauka, wabebaji wake hawapungui, kwa hiyo hakuna sababu ya upitishaji wake kuendelea kushuka. Cha lithiamu kina sababu hiyo, maana ioni zinaondoka kati ya kurasa saa baada ya saa. Mabadiliko katika joto lisilobadilika ni ushahidi mzito kuliko mabadiliko yoyote ya wakati wa kupanda, kwa sababu huwezi kulitupia joto lawama.

Kuondoa washukiwa

Mshukiwa wa kwanza ni jengo la madini: huenda moto uliyavunja matabaka ya lithiamu. Si hivyo. Montmorilonaiti hupoteza hidroksili zake, zile zilizo sehemu ya mwili wake, kwenye nyuzi kama 500 hadi 750 kutegemea aina, na nyuzi 250 ziko mbali na hapo. Eksirei, ambayo ikipigwa kwenye udongo hutoa mistari inayoonyesha umbali kati ya atomu na kati ya matabaka, inathibitisha. Mistari inayotokana na mpangilio wa ndani ya tabaka, hasa ule wa karibu na nanometa 0.149 hadi 0.150 unaoonyesha aina ya karatasi ya katikati, unabaki mahali pake. Kilichohama ni ule mstari wa umbali kati ya matabaka, ulioshuka hadi karibu 0.96 na kukataa kupanda.

Mshukiwa wa pili ni punje kushikana kwa moto. Kidonge cha sodiamu kinamfutia kesi: kililala tanuri moja na mwenzake, kwa muda uleule, na kikafunguka. Hii ndiyo sababu napenda kisa hiki kuliko majaribio mengi ya aina yake. Kinakuja na shahidi wake ndani.

Mshukiwa wa tatu ni lithiamu yenyewe kutoroka. Uyeyushe udongo wote katika asidi ya hidrofluoriki na kupima lithiamu, utaikuta. Lakini ukijaribu kuitoa kwa njia ya kawaida, kwa kuosha udongo na chumvi ya amoniamu ili amoniamu ichukue nafasi yake, unapata kidogo tu. Lithiamu imo na haibadilishwi. Si hilo tu: amoniamu nayo haiingii kwa kiwango cha zamani. Kama lithiamu ingekuwa imefungiwa tu kati ya kurasa, tungesema mlango umefungwa. Lakini vipimo vya maji, vya kuvimba na vya kubadilishana ioni vyote vinasema kwamba tabaka halina tena chaji hasi ya kutafutia mwenzi. Chaji imesawazishwa mahali ilipozaliwa.

Hapo ndipo karatasi ya katikati inaporudi kwenye uchunguzi. Katika montmorilonaiti, kwa kila nafasi tatu za karatasi hiyo, mbili zimekaliwa na moja iko tupu. Ukubwa wa nafasi hizo unafaa ioni ndogo. Magnesiamu inayokaa humo ina nusu kipenyo cha nanometa 0.072. Lithiamu ina 0.076. Sodiamu ina 0.102 na potasiamu 0.138. Lithiamu inatosha pale magnesiamu inapotosha, sodiamu haitoshi. Njia ya kuingilia ni tundu lililo katikati ya pete ya oksijeni sita kwenye uso wa tabaka, lenye uwazi wa karibu nanometa 0.26. Sodiamu kavu inaweza kukaa kwenye mdomo wa tundu hilo, na inapokaa pale maji yakija inatoka tena. Lithiamu inaweza kupita na kushuka hadi kwenye nafasi tupu, jirani na magnesiamu iliyosababisha upungufu.

Mwanga wa infraredi unaunga mkono. Hidroksili za montmorilonaiti hutetemeka karibu na namba ya mawimbi 3,630 kwa sentimeta. Baada ya lithiamu kupashwa, mtetemo huo unasogea juu na bega jipya linatokea karibu na 3,670, mahali panapolingana na hidroksili iliyozungukwa na alumini, magnesiamu na lithiamu kwa pamoja. Hidroksili hizo pia hubadilisha mwelekeo: zilikuwa zimelala kuelekea nafasi tupu, na jirani mpya akifika humo zinasimama karibu wima. Watafiti wamebishana kwa muda mrefu kama lithiamu yote inafika hadi karatasi ya katikati au sehemu yake inaishia chini ya tundu. Kwa hali ya chaji na umeme wa kisa hiki, jawabu lolote kati ya hayo mawili linatoa matokeo yanayokaribiana, ingawa ushahidi wa hidroksili unanielekeza kwenye lile la kwanza.

Ushahidi ninaoutegemea kuliko wote unatoka kwa madini mengine mawili. Hektoraiti ina chaji yake kwenye karatasi ya katikati pia, lakini karatasi hiyo imejaa magnesiamu na haina nafasi tupu. Ijaze lithiamu, ipashe, ipoze: inavimba tena. Beidelaiti ina nafasi tupu, lakini chaji yake inatoka kwenye karatasi za nje, pale alumini ilipochukua nafasi ya silikoni. Nayo inavimba tena. Kwa hiyo hayatoshi mashimo peke yake, wala haitoshi chaji ya katikati peke yake. Lazima yote mawili yawepo kwenye tabaka moja. R. Greene-Kelly aliligeuza jambo hili kuwa kipimo katika miaka ya 1950: jaza lithiamu, pasha, tia gliseroli, kisha tazama kwa eksirei. Ukiona umbali wa nanometa 1.77 hivi, udongo wako si montmorilonaiti. Ukibaki karibu na 0.95, ndiyo.

Kazi halisi ya joto

Ni rahisi kudhani kwamba moto unaisukuma lithiamu ndani kwa nguvu. Nishati ya mtikisiko, kT, kwenye nyuzi 250 ni karibu elektronivolti 0.045. Ni ndogo, ingawa kwa usiku mzima inatosha kwa miruko mingi. Kazi kubwa zaidi ya joto ni kuivua lithiamu maji yake.

Lithiamu ndiyo ioni ndogo kuliko zote za kundi lake, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo inayoshika maji kwa nguvu zaidi. Kuizingira kwa maji kunatoa karibu kilojuli 520 kwa moli. Sodiamu hutoa karibu 405, potasiamu karibu 320. Ikiwa na maji yake, lithiamu ni pana na haiwezi hata kuinamia tundu la uso wa tabaka. Unaweza kuacha montmorilonaiti ya lithiamu kwenye maji miaka na miaka, chaji yake haitapungua kwa njia hii. Joto likishaondoa maji, kinachobaki ni ioni tupu ya nusu kipenyo cha 0.076, iliyolala juu ya chaji hasi inayoivuta kwenda chini, na kuna tundu mbele yake. Uhamaji huanza kuonekana kidogo hata karibu na nyuzi 110 na huongezeka kadiri joto linavyopanda kuelekea 250 na 300.

Hili linabadilisha namna ya kusoma mchoro wa upitishaji. Lile bonde la maji kutoka, linaloonekana kuwa sura moja kwa vidonge vyote, ndilo lililofungua mlango kwa mmoja wao.

Kipande cha kioo

Kwa eksirei, udongo hutandazwa kuwa utando mwembamba juu ya kipande cha kioo, ukakauka, na kioo kikaingia tanurini pamoja nao. Kioo cha kawaida kina sodiamu nyingi. Kwenye nyuzi 250 hadi 300, sodiamu ya kioo huhamia kwenye utando wa udongo na kubadilishana na lithiamu kabla haijapata nafasi ya kushuka. Kilichopashwa basi ni mchanganyiko, na sehemu yake itavimba. Mtafiti ataandika kwamba ana beidelaiti ndani ya sampuli, na hana. Wataalamu waliligundua tatizo hili na wakashauri kutumia vipande vya silika safi, au kuupasha unga peke yake kabla ya kuutandaza.

Kwa vipimo vya umeme hatari hiyo ina sura yake. Kidonge kikipashwa juu ya kigae cha kauri chenye alkali, uso wa chini wa kidonge unaweza kuwa na ioni tofauti na uso wa juu. Upitishaji unaopimwa ni wa njia nzima kutoka elektrodi hadi elektrodi, kwa hiyo hata uso mwembamba ulioharibika unaingia kwenye namba. Foili ya platinamu chini ya kidonge inaondoa wasiwasi huo.

Jambo jingine la mkono ni kidonge chenyewe. Cha sodiamu, kikinyonya maji upya, huvimba na kupasuka pembeni, na mwanya wa ufa unaongeza ukinzani. Hapo ulinganisho unaweza kugeuka na kuipendelea lithiamu, kwa kuwa kidonge chake hakijapasuka. Ninachoshauri ni kuupasha udongo ukiwa unga, kuurudishia unyevu ukiwa unga, kisha kukandamiza vidonge vipya kwa shinikizo sawa. Unyevu wenyewe upatikane ndani ya chombo kilichofungwa chenye bakuli la maji yaliyoshiba chumvi ya mezani, ambayo hushikilia unyevu wa hewa karibu asilimia 75 katika joto la chumbani. Hewa ya chumba hubadilika kati ya asubuhi na mchana, na upitishaji wa udongo hubadilika nayo kwa kiasi kinachoweza kufunika kisa chote.

Mkondo wa kupimia uwe ule unaogeuka mwelekeo, kwa masafa mengi, kutoka hezi chache hadi megahezi 1. Mkondo wa upande mmoja huzirundika ioni kwenye elektrodi, na baada ya dakika chache unapima rundo badala ya udongo. Ukichora sehemu mbili za kizuizi cha umeme, ile ya ukinzani dhidi ya ile ya kapasitansi, udongo wenyewe huonekana kama nusu duara upande wa masafa ya juu, na elektrodi kama mkia upande wa masafa ya chini. Kidonge cha lithiamu baada ya moto kina nusu duara pana na mkia dhaifu, na udhaifu wa mkia huo ni ushahidi wa pekee: ioni za kurundikana zimekuwa chache.

Kupita nyuzi 250

Tukikirudisha kidonge cha sodiamu tanurini na kuendelea juu, nacho kinafika mahali pasipo na kurudi, ila kwa njia nyingine kabisa. Kwenye nyuzi mia tano na kitu hadi mia saba na kitu, hidroksili mbili jirani hukutana, molekuli moja ya maji hutoka, oksijeni moja hubaki. Wakati tendo hilo linaendelea, protoni na hidroksili zilizoachiliwa zinaongeza wabebaji kwa muda, na mchoro wa upitishaji unaweza kuonyesha nundu au kubadilisha mwinamo. Tendo likiisha, wabebaji hao wameondoka na mvuke. Ukipoza kisha ukapasha tena, nundu haionekani, na mchoro wa pili unafuata njia tofauti na wa kwanza.

Kaolinaiti inaonyesha jambo hili kwa usafi zaidi, kwa kuwa haina ioni nyingi kati ya matabaka za kuficha picha. Kati ya nyuzi 450 na 600 hivi inapoteza maji yanayofika karibu asilimia 14 ya uzito wake na kuwa metakaolini, isiyo na mpangilio wa fuwele wa awali. Henry Le Chatelier alitumia mabadiliko ya joto ya namna hii kutofautisha udongo mbalimbali mwaka 1887. Karibu na nyuzi 980 joto linatolewa ghafla na muundo unapangika upya kuelekea mulaiti, madini ya kauri iliyochomwa. Juu ya hapo, ikiwa kuna alkali, sehemu ya kioo inaanza kuyeyuka na mbebaji mkuu anakuwa sodiamu na potasiamu ndani ya kioo hicho. Wanaotengeneza vihami vya umeme vya kauri wanalijua hilo vizuri: alkali ndiyo inayowasumbua katika joto la juu.

Lithiamu kwenye nyuzi 250 haikuvunja kitu. Matabaka yote yapo, hidroksili zipo, alumini na magnesiamu zipo mahali pake. Ni ioni moja ndogo kwa kila fomula tatu iliyosogea kiasi kisichofika nusu ya nanometa, na udongo ukabadilika kutoka kitu kinachovimba na kupitisha umeme kuwa kitu kinachokaribia taliki, madini laini yasiyovimba, kwa ukavu wake. Sijui badiliko jingine katika udongo linalopata matokeo makubwa hivyo kwa mwendo mfupi hivyo.

Mchanganyiko

Mwaka 1971 G. W. Brindley na G. Ertem walifanya jambo ambalo kisa hiki kinalidai. Walijaza montmorilonaiti sodiamu na lithiamu kwa viwango mbalimbali, kisha wakapasha. Kwa kuwa lithiamu pekee ndiyo inayoshuka, kiwango chake kinaamua chaji itakayobaki. Robo ya lithiamu inapunguza karibu robo ya chaji, nusu inapunguza karibu nusu, na udongo mmoja unatoa mfululizo wa udongo wenye chaji tofauti na mwili uleule.

Kwa anayetaka kupima umeme, mfululizo huo ni hazina, lakini una mtego. Chaji haipungui sawasawa katika kila tabaka. Ndani ya punje ileile, baadhi ya nafasi kati ya kurasa hujifunga kabisa na nyingine hubaki wazi zikinyonya maji kama kawaida. Hivyo sampuli ya nusu kwa nusu haina wabebaji nusu waliotawanyika kila mahali. Ina njia zilizo wazi na njia zilizokatwa, na mkondo unalazimika kuzunguka. Upitishaji hautarajiwi kushuka kwa mstari ulionyooka pamoja na chaji. Njia zikiwa bado zimeungana unapungua polepole, na zikianza kutengana unaanguka. Mfululizo huo upimwe kwa unyevu uliodhibitiwa, kila sampuli ikiwa na kipimo chake cha ioni zinazobadilishana baada ya moto, kwa sababu kiwango cha lithiamu kilichowekwa mwanzoni na chaji iliyobaki mwishoni havilingani kila mara.